Vishikwambi vya Wageni

Kila mwaka ikifika mada ya moyo, Mwalimu Masoud alichora muhogo. Hakukusudia. Alianza vizuri tu, chaki mkononi, akili yote kwenye ubao, na alipomaliza na kurudi nyuma aitazame kazi yake, pale palikuwa na muhogo wenye mabomba. Wanafunzi wa kidato cha pili waliunakili muhogo ule kwa uaminifu, wakauandikia majina ya mishipa, wakauchora hivyo hivyo kwenye mtihani, na msahihishaji asiyewajua akawapa sifuri. Pale Michenzani, ilipo skuli yao, wapo watu wazima wenye kazi zao leo hii ambao wakiambiwa wana maradhi ya moyo, kichwani mwao wanaona muhogo.

Ndiyo maana vishikwambi, zile kompyuta bapa za kugusa kwa kidole, vilipokuja, Masoud alikaribia kulia. Jina lenyewe lilimchekesha kila alipolitamka, kama jina la mdudu anayekula kunde, lakini chombo chenyewe hakikuwa cha kuchekwa. Mradi mmoja wa kufundishia sayansi na hesabu, wenye ofisi yake Malindi juu ya duka la vipuri, ulikuwa ukivigawa kwa skuli za Unguja. Masoud mwenyewe ndiye aliyeomba, akafuatilia, akapanda ngazi za Malindi mpaka mlinzi wa pale akaanza kumwita shemeji. Ndani ya vishikwambi mlikuwa na hesabu zinazojisahihisha, na mlikuwa na moyo unaodunda, ambao mtoto anaweza kuugeuza, kuupasua na kuufunga tena bila kumchafua mtu. Masoud aliliahidi darasa lake kwamba mwaka huu hakuna muhogo. Aliahidi kwa sauti kubwa hadi darasa la jirani wakapiga makofi.

Hesabu yake ilikuwa sawa, ila alimsahau Bi Mwanapili.

Bi Mwanapili ndiye mwalimu mkuu, mama wa makamo, buibui lake limepigwa pasi hadi unaogopa kuligusa, harufu yake ya udi inamtangulia kutoka getini. Alikuwa mtu mwema, tusimsengenye. Mtoto akija skuli na njaa alimjua kwa kumtazama tu, akamwita ofisini akampa chapati. Lakini alikuwa na kabati. Na nyumba gani ya Unguja isiyo na kabati la vioo la vyombo vya wageni? Vikombe vya maua vyenye ukingo wa dhahabu, birika la kaure, sahani ambazo wenye nyumba wanazijua kwa macho. Watoto wanazaliwa, wanakua, wanaoa, hawajakinywea kikombe kile hata siku moja, na akija mgeni asiyejulikana hata jina, anakinywea yeye. Ndivyo tulivyolelewa. Bi Mwanapili alikwenda mbele kidogo tu: kabati la namna hiyo aliliweka skuli.

Humo ndimo vilimoishia vyote vyema vilivyopata kuletwa. Lilikuwemo tufe la dunia lenye nailoni yake. Ilikuwemo mizani ambayo haijapima kitu. Lilikuwemo sanamu la mifupa ya binadamu, ambalo Bi Mwanapili alilifunga kanga kwa ajili ya stara. Vishikwambi vilipofika alivipokea kwa mikono miwili, akavifukiza udi visije vikapatwa na jicho la hasidi, akavivika kila kimoja kitambaa cha kufuma kwa mkono, akavipanga nyuma ya vikombe, akafunga. Ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo hakuna mwalimu wa kiume atakayethubutu hata kupatazama.

Masoud alisubiri wiki, akasubiri nyengine, kisha akaenda kusema. Alizungumza vizuri. Alieleza umuhimu wa sayansi, akagusia maendeleo, akafika hadi kwenye muhogo wenyewe na akaungama. Bi Mwanapili alimsikiliza hadi mwisho, akammiminia chai kwenye kikombe cha bati, kwa sababu Masoud hakuwa mgeni. Akamkumbusha hadubini. Hapo zamani skuli ililetewa hadubini, watoto wakapewa, wakaangalia chawa, wakaangalia punje ya chumvi, wakaangalia ndani ya sikio la mwenzao, na siku ile ile kioo chake kikavunjika. Walioileta walipokuja kuitazama, Bi Mwanapili ndiye aliyesimama mbele yao na kipande mkononi.

"Masoud mwanangu, vile si vyetu," alimwambia. "Vile ni amana ya watu. Na amana unairudisha kama ulivyopewa. Mimi sirudii kusimama mbele ya watu na kitu kilichovunjika."

Lakini hakuwa mgumu kupita kiasi. Alimruhusu alete darasa zima ofisini livione. Basi watoto wakapanga mstari, wakapita mbele ya kabati mmoja mmoja, mikono nyuma, wakavitazama vishikwambi kupitia kioo, na kwenye ratiba likaandikwa kuwa ni somo la vitendo.

Halafu Faiza akapiga simu. Faiza ndiye msimamizi wa mradi kule Malindi, msichana mwenye adabu na kompyuta. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na ramani ya kisiwa, na kila skuli ilikuwa na nukta yake. Vishikwambi vikitumiwa na wanafunzi, nukta inakuwa kijani. Vikilala, inakuwa nyekundu. Skuli itakayobaki nyekundu hadi mwisho wa muhula, vishikwambi vyake vinahamishiwa skuli nyengine. Faiza aliuliza kwa upole kama Michenzani hakuna umeme. Masoud alijibu kwamba umeme upo. Hakuwa na ujasiri wa kueleza habari za vitambaa vya kufuma.

Mwisho wa muhula ulikuwa unakuja mbio. Masoud alimpelekea Bi Mwanapili habari ile akidhani sasa mama atashtuka. Bi Mwanapili alifurahi. Alisema basi vitarudi vizima, na hapana atakayesema neno. Masoud alitoka ofisini akakaa kwenye ngazi, na akafikiria jinsi atakavyoshika chaki mbele ya watoto wale wale aliowaahidi. Aliona haya kabla hata hajauchora muhogo wenyewe.

Faiza akaja mwenyewe kutazama. Hapo ndipo Masoud alipoona kitu ambacho alikuwa akikitazama maisha yake yote bila kukiona. Mgeni alipiga hodi, Bi Mwanapili akaitikia, ufunguo ukatoka kifuani, kabati likafunguka. Vikombe vya maua vikashuka. Birika la kaure likashuka. Visheti vikamiminwa kwenye sahani. Kisha, bila kuulizwa, Bi Mwanapili akateremsha kishikwambi kimoja, akakivua kitambaa chake, akakiweka kwenye sinia baina ya sukari na visheti, na akamsogezea mgeni.

"Karibu mwanangu, jisikie uko kwenu," alisema. "Chezea chezea."

Faiza akachezea, kwa sababu hakujua afanye nini jengine. Alipoondoka, kikombe kilioshwa, kishikwambi kilipanguswa, vyote vikarudi kabatini. Masoud alikuwa kasimama mlangoni kama aliyepigwa na kitu kizito. Kumbe mama hakatai vitumike. Anakataa vitumiwe na watu wa nyumbani.

Basi kilichotakiwa ni wageni. Jioni ile alimpigia Ubwa, rafiki yake wa chuoni, aliyekuwa akifundisha hesabu Bwejuu, huko pwani ya kusini mashariki, katika skuli iliyokuwemo kwenye mradi ule ule. Akamwomba alete darasa lake mjini kwa ziara ya masomo. Masoud aliwaza hivi: watoto wa Bwejuu watavitumia, wa kwake watavitumia pamoja nao, Bi Mwanapili ataona hakuna kilichovunjika, na mambo yatanyooka. Ubwa alikubali upesi mno, na akacheka kidogo, kicheko ambacho Masoud hakukielewa.

Wageni wakaja. Bi Mwanapili alijipamba kama kwamba anaozesha. Chetezo kilifuka mlangoni, mrashi ulipita ukiwanyunyizia marashi watoto wa Bwejuu waliokuwa bado na kichefuchefu cha basi, na mwalimu mkuu wao, Mwalimu Kheir, mzee mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kazi nzuri, aliwekwa kwenye kiti chenye mto. Vishikwambi vililetwa kwenye masinia. Watoto wa Bwejuu wakavipokea, wakavifungua kwa majina yao, na baada ya muda mfupi ofisi nzima ilikuwa ikidunda mioyo.

Na watoto wa Masoud? Watoto wa Masoud walikuwa wenyeji. Mwenyeji hali kabla mgeni hajashiba, na wageni wale hawakuonesha dalili ya kushiba. Kidato cha pili chote kilisimama nyuma ya viti kimeshika majagi ya sharbati ya ukwaju, kinamimina bila kutazama, kwa sababu macho yalikuwa kwenye mioyo ya wenzao. Sharbati ilijaa ikamwagika, na Bi Mwanapili alitupa jicho moja tu, watoto wakarudisha macho kwenye majagi. Masoud alipitapita akinong'oneza kwamba sasa wabadilishane, na kila alipokaribia kishikwambi, Bi Mwanapili alimkazia macho kama anavyokaziwa mtu anayemnyang'anya mgeni tonge mkononi.

Inaya, binti wa Sajjad mwenye duka la vitambaa Darajani, alikuwa mwepesi wa hesabu kuliko wote darasani. Alimfuata Masoud na jagi lake tupu.

"Mwalimu," aliuliza, "na sisi tutakuwa wageni lini?"

Masoud akalichukua lile jagi, akaenda kulijaza mwenyewe. Mchana ule Faiza alimpigia akamwambia ameona uhai Michenzani, ila majina yote ni ya wanafunzi wa Bwejuu, na kwa kanuni za mradi mtoto wa skuli nyengine hahesabiki. Nukta ilikuwa bado nyekundu. Masoud alijiona mjinga wa mwisho. Kaandaa karamu, watoto wake wamelala njaa.

Jibu la swali la Inaya lilitoka mahali asipopatarajia. Kabla ya kupanda basi, Mwalimu Kheir alisimama kutoa shukurani, akashukuru kwa urefu, kama ilivyo ada, akamaliza kwa kusema kwamba ziara hulipwa kwa ziara. Kwao Bwejuu navyo vipo, vishikwambi vya namna hiyo hiyo, yeye mwenyewe kavihifadhi nyumbani kwake chini ya chandarua, vimepumzika, vinasubiri watu wa heshima. Wiki ijayo wenyeji wa leo wawe wageni wao. Masoud akamtazama Ubwa. Ubwa alikuwa akitazama juu, anahesabu mabati.

Wiki ya pili yake kidato cha pili kizima kilipelekwa Bwejuu, na Bi Mwanapili mbele, amekaa karibu na dereva na sinia la mkate wa ufuta mapajani, maana kwa watu hakwendwi mikono mitupu. Huko walipokewa kwa madafu na pweza wa nazi. Watoto wa Bwejuu walishika majagi. Na watoto wa Masoud hatimaye walikaa chini, wakapewa, wakaushika moyo. Waliugeuza. Waliupasua. Masoud alifundisha siku ile kama mtu aliyefunguliwa kamba, moyo kwanza, halafu hesabu za sehemu, nusu na robo, na Inaya akamwambia kwamba mwaka jana dada yake alimwonesha daftari lake, na kweli ule ulikuwa muhogo. Masoud alicheka hadi machozi yakamtoka, na hayakuwa yote ya kucheka.

Lakini majina yale, ukumbuke, yalikuwa yakisomeka chini ya Bwejuu, na huko nako yalikuwa majina ya wageni, hayahesabiki. Skuli za kisiwa kizima zingeweza kutembeleana hadi Kiama na nukta zikabaki nyekundu.

Sasa, mgeni ana haki zake, na ana taabu zake. Mwalimu Kheir alimletea Bi Mwanapili kishikwambi kwenye sinia, na Bi Mwanapili, aliyekuwa hajapata kukigusa kimoja ila kukipangusa, hakuweza kukataa. Kukataa kinachotolewa na mwenye nyumba ni kumvunjia heshima mbele ya watu. Akakipokea. Akaandika jina lake. Kikamuuliza swali: nusu ukiigawa kwa robo unapata ngapi? Bi Mwanapili, ambaye ujana wake wote alifundisha Kiswahili na dini, aliandika kwa uhakika kwamba ni thumuni, moja ya nane.

"Si sahihi," kikasema kishikwambi kwa sauti ya binti mpole, na kilikuwa kimefunguliwa sauti hadi mwisho. "Jaribu tena."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Bi Mwanapili hakuwa ameambiwa neno lile tangu afiwe na mama yake. Akajaribu tena. Binti akamwambia ajaribu tena. Akajaribu thuluthi, akajaribu nusu yenyewe, akajaribu hata sifuri, na kila mara binti hakuchoka wala hakuinua sauti, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mwishowe kikamwonesha jibu: mbili. Bi Mwanapili akakirudisha kwenye sinia taratibu, akashukuru, akasifu pweza. Njia nzima ya kurudi alikuwa akihesabu kwa vidole chini ya buibui.

Asubuhi yake Masoud aliitwa ofisini. Alikuta kabati li wazi na hakuna mgeni. Kishikwambi kimoja kilikuwa juu ya meza, uchi, bila kitambaa, na pembeni yake kipande cha mkate wa ufuta kilichobaki safarini. Ilikuwa dhahiri kwamba Bi Mwanapili amefika mapema na kwamba binti mpole ameshazungumza.

"Maalim Masoud, ulituletea vitu vibovu," alisema. "Vya Bwejuu vibovu, na vyetu vibovu. Nusu mkate huu hapa. Mimi n'nao nusu tu. Nnaugawa. Vipi nusu mkate nikiugawa niwe na miwili? Wapi ilikotoka?"

Masoud alifungua mdomo aeleze. Halafu, na hili ndilo jambo la busara kuliko yote aliyoyafanya muhula ule, akaufunga. Akasema kwamba kweli inawezekana vina kasoro. Akasema njia ya kujua ni kuvipima. Na chombo hakipimwi na mtu mmoja, watu watasema amekionea. Vinatakiwa viwe vyote, kwa swali lile lile, na mashahidi wengi, kila mmoja kwa jina lake.

Bi Mwanapili alifikiri. Kurudisha amana iliyovunjika ni aibu, lakini kurudisha amana iliyokuja mbovu bila kusema, wakaja wakadai mmeiharibu nyinyi, hiyo ni aibu kubwa zaidi.

"Waite," alisema.

Kidato cha pili kikaingia ofisini kikidhani kuna kesi. Wakakaa chini kwenye mkeka. Bi Mwanapili mwenyewe akavishusha vishikwambi, akavivua vitambaa kimoja kimoja, akavigawa, akawataka washuhudie haki na wasimwonee chombo wala mtu. Wakaandika majina yao. Wakajibu. Na kutoka kila upande wa ofisi binti mpole akaanza kusema sahihi, sahihi, sahihi, maana hilo hasa ndilo walilosomeshwa Bwejuu huku wakilamba vidole kwa utamu wa pweza. Simu ya Masoud ikatetemeka mfukoni. Alichungulia. Faiza alikuwa ametuma neno moja tu: kijani.

Alitaka kuruka. Hakuruka, kwa sababu Bi Mwanapili alikuwa amesimama katikati ya ofisi, peke yake, na uso ambao Masoud hakupata kumwona nao. Watoto wote wamepata isipokuwa yeye, na watoto wote wanajua. Masoud furaha ilimwishia pale pale. Alimpenda mama yule, na aliona kwamba amemleta kwenye aibu ile ile aliyokuwa akiikimbia miaka yote, tena kwa hila.

Inaya akanyanyuka. Aliomba ruhusa, akauchukua ule nusu mkate, akaomba kisu.

"Bi Mwanapili, hakiulizi tuna mikate mingapi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kinauliza, katika huu nusu, wageni wangapi watapata robo robo." Akaukata mara moja, katikati. Akaweka kipande kimoja mbele ya Bi Mwanapili na kimoja mbele ya Masoud. "Wawili."

Bi Mwanapili akavitazama vile vipande. Akamtazama Inaya. Masoud alikuwa karibu, aliona waziwazi lile jibu lilivyoingia na kukaa mahali pake, na aliona macho ya mama yalivyopata mwanga, kama ya mtoto hasa.

Bi Mwanapili akakinyanyua kishikwambi chake, akakiangalia mbele, akakiangalia nyuma, akakitikisa karibu na sikio, akampa Masoud.

"Vyote vizima," alitangaza. "Hichi changu tu ndicho kibovu. Nipeni chengine."

Masoud akampa chengine. Bi Mwanapili akaketi mkekani, baina ya wanafunzi wake, akaandika jina lake herufi kwa herufi, na swali lilipokuja akaandika mbili.

"Sahihi," akasema binti mpole.

"Mnaona?" Bi Mwanapili aliwaambia, na akausogeza mgongo ukutani akae vizuri. "Hichi kizima. Haya, nileteeni swali jengine, na nyinyi msikae mkanitazama, fanyeni yenu."